Feni Yenye Swichi

Ng'ambo ya mto, kwenye nyika iliyo chini ya milima, palikuwa na gari moja tu lililoweza kupanda hadi hospitali, na mwenye gari hilo aliitwa Mzee Kiangi. Kijiji kilikuwa chini na hospitali ilikuwa juu. Kati yao palikuwa na mto usio na daraja, na baada ya mto kilomita kumi na moja za mlima wa mawe. Mgonjwa asiyeweza kutembea alipanda kwa gari la Mzee Kiangi, au hakupanda.

Lilikuwa gari la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Feni ya kupoza injini ilifungwa mbele ya injini yenyewe na kuzungushwa na mkanda. Injini ikiwaka, feni ilizunguka. Injini ikikimbia, nayo ilikimbia. Haikungoja kuambiwa. Lakini ilikuwa na kelele, na ilikula sehemu ya nguvu ya injini iliyoizungusha. Abiria walizungumza kwa kupaza sauti. Kijijini gari hilo waliliita Mama Mkwe. "Mama Mkwe anakuja," walisema likiwa bado mbali. "Ameanza kusema tangu mtoni."

Mtoni palikuwa na utaratibu. Feni inayozunguka ikikutana na maji mengi hupinda na kuikata rejeta iliyo mbele yake. Kwa hiyo dereva, kijana wa kijijini aliyeitwa Heriel, alisimamisha gari ukingoni, na abiria wawili wakashuka kumsaidia kufunga turubai mbele ya gari ili maji yasiingie. Wakishavuka, turubai lilifunguliwa, kwa kuwa gari lililozibwa uso halipati hewa na haliwezi kupanda mlima. Halikusahaulika hata siku moja. Kila abiria aliliona, na kila abiria alikuwa na mdomo. Kuna siku Heriel aliona mvua inakuja akataka kuondoka nalo hivyo hivyo. Bibi mmoja aliyepakata kuku wawili akamwambia, "We dereva, mfunue kwanza Mama Mkwe uso. Unataka afe kwa joto halafu utubebe mgongoni?" Watu wakacheka. Heriel akashuka, akalifungua.

Mzee Kiangi alichoka na kelele. Siku moja mlimani gari la wapima ardhi lilimpita kwenye kona likiwa kimya, na dereva wake akapunga mkono. Mzee Kiangi aliuliza, akaambiwa kwamba magari ya sasa yana feni ya umeme. Akateremka mjini kwa Fundi Shekiondo, aliyekuwa akilitengeneza gari hilo kwa miaka mingi, akamwomba abadilishe. Fundi aliitoa feni ya zamani pamoja na mkanda wake, akafunga feni ya umeme nyuma ya rejeta. Akaongeza na kifaa kidogo cha kupima joto la maji. Maji yakipata moto kupita kiasi, kifaa kiliiwasha feni. Yakipoa, kiliizima. Gari lilipanda mlima kwa nguvu kuliko zamani, na kwa mara ya kwanza Mzee Kiangi alizungumza ndani yake kwa sauti ya kawaida, akasikika.

Taabu ilianza msibani. Gari lilikuwa limebeba jeneza, likasimamishwa karibu na kaburi, injini ikazimwa. Mchungaji alipoanza sala, feni ikajiwasha yenyewe, kwa sababu maji yalikuwa bado ya moto. Waombolezaji wakageuka. Nyuma yao mtu akanong'ona, "Hata Mama Mkwe ana rambirambi zake," na waliokuwa karibu wakauma midomo wasicheke. Mzee Kiangi alisimama pale hadi feni ilipojizima. Kesho yake alikuwa mjini.

"Toa hicho kidude kinachoiamulia," alimwambia fundi. "Niwekee swichi. Nitaiwasha mwenyewe."

"Mzee wangu, iache ijiamulie," fundi alisema. "Wewe una mengi ya kukumbuka."

"Gari ni la nani?"

"Lako, mzee."

Fundi alifanya alivyoagizwa. Alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka swichi chini ya dashibodi, upande wa kushoto anakokaa mwenye gari, karibu na goti, mahali ambapo abiria hawaioni. Akamwambia kwamba mtoni hatahitaji tena turubai. Akiingia majini azime, akitoka awashe. Mzee Kiangi alipofika nyumbani alimpa mkewe lile turubai afunikie mahindi.

Kwa miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Mzee Kiangi aliwasha swichi asubuhi, akazima mtoni, akawasha ng'ambo, na hakuna aliyejua ila yeye na Heriel. Mara moja tu Heriel alinyoosha mkono akaiwasha yeye baada ya kuvuka, kwa kuwa mzee alikuwa akizungumza na mtu dirishani. Mzee Kiangi aliuona mkono huo. "Wewe gari lako liko wapi?" alimwuliza mbele ya abiria. "Ukinunua la kwako, utabonyeza hadi vidole vichoke." Abiria walitazama nje. Heriel hakuigusa tena.

Msimu wa masika binti yake Mzee Kiangi, Naelijwa, alikuja kwa wazazi wake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Uchungu ulianza alfajiri. Kulipopambazuka mkunga wa kijiji alitoka chumbani akasema mtoto amekaa vibaya na kwamba kazi hiyo ni ya hospitali. Mzee Kiangi aliwasha feni kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia Heriel aende. Naelijwa alilazwa kwenye benchi la nyuma, mama yake akiwa amemshika.

Mto ulikuwa umejaa. Maji yakiwa hivyo, mtu lazima atangulie kwa miguu na fimbo kupima kina, na gari limfuate. Mzee Kiangi alizima feni, akashuka, akaingia majini. Katikati ya mto maji yalimfika kiunoni na kumyumbisha. Fimbo ilichukuliwa. Alitokea ng'ambo akitetemeka, na gari likatokea nyuma yake. Papo hapo Naelijwa akapiga kelele, kwa kuwa benchi la nyuma lilikuwa likimrusha kwenye kila jiwe. Baba yake akasema ahamishiwe mbele. Wakamweka katikati, kando ya dereva, na mama yake akakaa mlangoni, kwenye kiti cha mumewe. Mzee Kiangi alipanda nyuma, akashika bomba. Ulikuwa uamuzi wa upendo, na hata baadaye hakuna aliyemlaumu kwa huo. Gari likaanza kupanda. Hapakuwa na turubai la kufungua.

Kilomita ya kwanza ilikuwa kimya. "Afadhali siku hizi halipigi kelele," alisema Mama Naelijwa, akimfuta mwanawe jasho. "Lala, mwanangu. Tutafika."

Kilomita ya tatu alisema, "Heriel baba, huku chini pananiunguza miguu."

"Ni mlima, mama," Heriel alisema. Lakini aliutazama mshale wa joto, na mshale ulikuwa umepita mahali pake. Zamani angesikia. Mkanda wa feni ukikatika, watu wote ndani ya gari walijua kwa sababu kelele ilikoma. Sasa, chini ya mngurumo wa injini, ukimya wa feni nzima na ukimya wa feni iliyozimwa ulikuwa mmoja. Alitoa kichwa dirishani.

"Mzee! Mshale unapanda! Feni iko sawa?"

"Iko sawa!" Mzee Kiangi alijibu kutoka nyuma. "Nimeiwasha mwenyewe! Twende, usisimame kwenye utelezi!"

Hakusema uongo. Alikumbuka kidole chake kwenye swichi asubuhi, na mto ulikuwa umemwondolea akilini mambo yote yaliyofuata. Heriel angeweza kunyoosha mkono kuhakikisha. Katikati palikuwa na magoti ya wanawake wawili, na palikuwa na yale maneno ya siku ile. Aliacha mikono yote miwili kwenye usukani, akabadili gia, akaendelea.

Kilomita ya sita mvuke ulifunika kioo, injini ikagonga mara mbili, ikazima. Heriel aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Alijua kwamba injini hiyo haitawaka tena siku hiyo. Hakumwambia mtu. Alivua makubadhi, akaanza kupanda mlima akikimbia, kwenda kuwaita watu na machela.

Kilomita tano za kupanda kwa miguu katika matope, kisha kushuka na machela, ni kazi ya saa tatu kwa wenye nguvu. Mzee Kiangi alisimama barabarani akitazama juu, kisha chini, kisha juu. Hakupita gari. Mtoto alizaliwa pale kwenye kiti, hakulia. Mama Naelijwa alimfunga kwenye kitenge akamweka pembeni, akarudi kwa aliye hai. Damu haikukatika. Naelijwa alimwuliza mama yake kama wamefika. Mama yake alisema ndiyo, wamefika. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Heriel alirudi na wanaume wanne na machela. Waliona jinsi Mzee Kiangi alivyosimama, wakapunguza mwendo, kisha wakaiweka machela chini.

Mama Naelijwa alikuwa bado kitini, kichwa cha mwanawe mapajani. Alitaka kumfunika. Khanga yake ilikuwa imeanguka miguuni, akaipapasa kwa mkono mmoja bila kuangalia, na vidole vyake vikakutana na kitu kidogo cha plastiki karibu na goti.

"Hiki ni cha nini?" aliuliza, na akakibonyeza.

Feni ikawaka. Ilizunguka vizuri. Betri ilikuwa na nguvu zake zote, na swichi haikuwa na kasoro yoyote. Kazi ya Fundi Shekiondo ilikuwa nzuri tangu mwanzo hadi mwisho. Feni ilipuliza hewa juu ya injini iliyokwisha kuungua, ikaupeperusha mvuke uliobaki, ikapunga ncha ya khanga iliyokuwa ikining'inia mlangoni. Mzee Kiangi alikuwa mbele ya boneti iliyo wazi. Aliiona ikianza kuzunguka, na hapo akaukumbuka mto.

Mwanamke yule alikuwa amekaa na uhai wa mwanawe kando ya goti kwa kilomita sita, na hakuna aliyemwonyesha. Aliuliza mara ya pili, sasa akimtazama mumewe. Heriel alitazama chini. Feni iliendelea, na hakuna aliyeizima.

Nawe uliyechoka na kelele za kile kinachokuonya, ukakifunga kwenye swichi ili kiseme unapotaka: hiyo swichi umeiweka karibu na goti la nani?