Aliyenifikishia Viatu

Wekeni simu chini kidogo, mniazime masikio. Nina mtoto wa siku sita asiye na jina, na kesho mchana lazima awe nalo. Nimeambiwa, "Mgaza, nenda kaulize watu wenye akili." Nimezunguka nikawakosa, ndiyo nimekuja kwenu.

Mimi nafunga maboksi katika duka moja la mtandaoni hapa Tanga. Wewe umejilaza kwako, unabonyeza simu, unachagua sufuria au shuka au godoro, na sisi tunakuletea mpaka mlangoni. Kazi yangu ni boksi na gundi tu. Lakini pale kazini wapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na hao ndio walioniletea balaa hili.

Wa kwanza ni Riziki. Yeye anakaa mbele ya kompyuta na kupanga oda ipi iende na dereva yupi, kwa hiyo tunamwita Mpangaji, ingawa nyumba anayoishi ni yake mwenyewe. Kompyuta huchagua dereva aliye karibu, Riziki huangalia dereva anayefaa. Kipaji chake ni kusoma. Ukimwandikia maneno manne, atayasoma hayo manne, halafu atasoma na lile la tano uliloliacha moyoni.

Wa pili ni Nuru, dereva wa pikipiki, baba wa watoto wawili, mtu wa maneno machache. Kipaji chake ni mbio. Na sisemi mbio za wehu, za kupanda juu ya miguu ya watu! Nuru anakimbia na trei la mayai na halivunjiki hata moja.

Wa tatu ni Bi Tunu, dereva wa bajaji, bibi wa wajukuu watano. Bajaji yake ina breki, mdomo wake hauna. Kipaji chake ni kujua mahali. Taja nyumba yoyote ya Ngamiani, atakuambia anayeishi humo, aliyekuwa akiishi zamani, na aliondoka kwa ugomvi gani.

Riziki, Nuru, Tunu. Majina yote matatu anaweza kupewa mtoto wa kike. Hilo lishikeni, tutalihitaji huko mbele.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana, zikiwa zimebaki siku tatu kufika Ramadhani, kijana mmoja aitwaye Kombo alikuwa anaoa. Kombo ni kijana mzuri, mpole, mchapakazi, ila Mungu kamjalia miguu. Namba arobaini na nane! Hakuna duka la viatu mjini lililowahi kuwa na namba hiyo, na tangu aache shule alikuwa mtu wa ndala, tena ndala zenyewe kisigino kinaning'inia nje.

Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe alikwenda na ndala hizo hizo. Mwenye usemi pale alikuwa ami yake bibi harusi, Mwalimu Mbaruku, aliyesomesha Kiswahili miaka thelathini. Baba wa binti alishafariki, kwa hiyo ami ndiye walii, na bila yeye hakuna ndoa. Mwalimu akaitazama ile miguu kuanzia kidole cha kwanza mpaka cha mwisho, na safari hiyo ilichukua muda.

"Kijana," akasema, "hivyo ulivyovaa ni viatu au ni samahani?"

"Samahani, Mwalimu."

"Basi siku ya ndoa nitasimama mlangoni mwa msikiti. Nikikuona na ndala, narudi kwangu kulala."

Najua mnachotaka kusema. Msikitini watu huvua viatu. Ndiyo, lakini utavua nini kama hukuvaa? Maskini Kombo akahangaika wiki nzima, mpaka akaona kwenye duka letu viatu vyeusi vya ngozi, namba arobaini na nane. Akaagiza. Penye nafasi ya maelezo akaandika hivi: "Saa 4. Mashineni, Ngamiani. Naoa."

Basi. Hakuongeza neno.

Na kumbukeni ilikuwa mwishoni mwa Shaabani, kila mtu anakimbilia kuoa kabla ya mfungo. Shehe alikuwa na ndoa tatu asubuhi hiyo. Ya Kombo ni saa nne, na saa nne na robo Shehe anapanda gari kwenda kwenye nyingine Pongwe. Ukimkosa, unarudi kwenu na pilau lako, unasubiri mpaka Idi ipite. Mwanahamisi, bibi harusi, alikwisha sema, "Kombo, nimesubiri miaka minne. Mfungo mmoja zaidi na mimi sisubiri." Na Mwanahamisi si mtu wa kusema ovyo.

Siku yenyewe ikafika. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Riziki akawa anapitia orodha. Kompyuta ilikuwa imeiweka oda ya Kombo kwenye mzunguko wa jioni. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta imesomeshwa saa za kigeni. Imeona 4, ikasema hii ni ile nne ya mchana, yaani saa yetu ya kumi. Viatu vilikuwa vimetulia kwenye rafu, vinangoja alasiri.

Riziki akasoma. Saa 4. Naoa. Akasoma tena.

"Mgaza," akaniita, "mtu anayeoa saa kumi ataandika saa ngapi?"

"Ataandika 10."

"Na anayeandika 4?"

"Mama wee! Anaoa sasa hivi!"

Akampigia Kombo. Simu inaita, haipokelewi. Baadaye tulijua ilikuwa imewekwa chaji chumbani kwa dada yake, na nje vigelegele juu ya vigelegele. Sasa Riziki angefanyaje? Mkubwa wetu alikwisha tangaza kwamba atakayebadilisha mpango wa kompyuta bila ruhusa, akakosea, ajihesabu hana kazi. Na mkubwa siku hiyo alikuwa safarini. Riziki akaguna, akaifuta oda kwenye mzunguko wa jioni kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta ikamwonyesha dereva aliye karibu. Akamruka, akampigia Nuru aliyekuwa mbali kidogo.

"Nuru, njoo uchukue boksi. Kuna mtu anaoa miguu mitupu."

Nuru hakuuliza swali. Akafika saa tatu na dakika ishirini na tano, akalifunga boksi nyuma ya pikipiki, akaondoka. Siku hiyo njia ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, mitaro huku na huku, magari yamejipanga yanapiga honi tu. Nuru akashuka, akaizima pikipiki, akaivusha mtaro mmoja kwa kuinyanyua. Mtaro wa pili ukamshinda, akaanguka nayo, goti likachanika na suruali ikachanika. Boksi lilipochomoka nyuma alilidaka, akalikumbatia kifuani, halikupata hata vumbi. Akainuka, akawasha, akaendelea. Saa tatu na dakika arobaini na tano alikuwa Mashineni, barabara ya kumi na tisa, mahali ambapo dereva mwingine yeyote angefika saa tano.

Akazima pikipiki. Akasikiliza. Hakuna ngoma, hakuna kigelegele, hakuna hata harufu ya pilau. Kuna mashine inasaga mahindi na akina mama wamepanga ndoo. Akaingia ndani kuuliza, akamwagikiwa pumba kichwani, akatoka mweupe kama mtu aliyechovywa kwenye unga.

Ndipo akatuma sauti kwenye kundi la madereva. "Jamani, nipo Mashineni. Hakuna harusi."

Bi Tunu alikuwa mitaa miwili kutoka hapo, amebeba godoro la futi sita la mteja mwingine. Akajibu hapo hapo.

"Mashineni ipi, baba? Ya sasa au yenyewe?"

"Kuna ngapi?"

"Mashine ilihama kutoka barabara ya kumi na nne, huu mwaka wa kumi na moja sasa. Mashine ilihama, jina lilibaki. Mtu wa Mashineni haishi penye mashine!"

"Nielekeze basi, Bi Tunu."

"Rudi mpaka penye mnazi, kata kushoto."

"Mnazi siuoni."

"Utauonaje na ulikatwa? Kata hapo hapo! Halafu pita duka la Mwarabu."

"Lipo wapi?"

"Lilibomolewa. Ah, we Nuru, utaniua! Kaa hapo, nakuja."

Bi Tunu, niwaambie, alikuwa na jambo lake mwezi ule. Alikuwa anaongoza kwa nyota za wateja, na dereva bora wa mwezi picha yake hubandikwa ukutani dukani. Alishawaahidi wajukuu kwamba watakuja kumwona bibi yao ukutani. Mwenye godoro alikuwa amesimama mlangoni kwake anamngoja. Bi Tunu akamwona, akampungia mkono, akageuza bajaji. Mwenye godoro akampa nyota moja, na maneno machafu juu yake. Picha ikaenda kwa mtu mwingine.

Akamfikia Nuru, akatangulia, Nuru nyuma yake. Huyu anajua kila uchochoro, yule anamfuata. Wakapenya kwa fundi cherehani, wakapita chini ya kamba za nguo, wakatokea barabara ya kumi na nne. Turubai la harusi limeziba njia. Bi Tunu akanyoosha kidole. "Mlango wa kijani, kimbia!" Nuru akakimbia na goti lake linavuja damu.

Kombo alikuwa ameketi kitandani, kanzu safi, kofia safi, ndala miguuni, machozi yanamlengalenga. Saa nne kasoro dakika tatu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mweupe kwa pumba na boksi mkononi. Kombo alidhani ni malaika. Akavaa viatu. Vikamkaa! Akatoka, akasimama katikati ya ukumbi, mashahidi wote wapo, akapaza sauti:

"Wallahi, aliyenifikishia viatu hivi, mtoto wangu wa kwanza atachukua jina lake!"

Watu wakapiga vigelegele. Wakakimbia msikitini. Mwalimu Mbaruku alikuwa mlangoni, ametazama chini. Vikapita mbele yake viatu viwili vyeusi vinavyong'aa, vikubwa kama mitumbwi. Akatikisa kichwa, akaingia. Ndoa ikafungwa, na Shehe akaliwahi gari lake.

Mwaka umepita. Siku sita zilizopita Mwanahamisi kajifungua mtoto wa kike, mzuri, analia kwa sauti ya adhana. Kesho ni akika, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina. Mbuzi kafungwa uani. Jana wamewaita Riziki, Nuru na Bi Tunu, nikaalikwa na mimi, tukakaa ukumbini. Na vita vikaanza.

Kombo akasema, "Jina ni la Nuru. Nilimwona kwa macho yangu, goti linatoka damu."

Mwanahamisi akasema, "Jina ni la Riziki. Asingesoma yeye, viatu vingekuja saa kumi, na mimi ningekuwa nimekwisha kukuacha kabla hujanioa."

Bibi yake mtoto akasema, "Jina ni la Tunu. Viatu vilifika kwa wasaga mahindi! Huko ndiko kufika?"

Wenyewe watatu walianza kwa adabu, eti mpeni mwenzangu, mpeni mwenzangu. Haikupita dakika kumi.

"Mimi niliweka kazi yangu rehani," akasema Riziki.

"Mimi bado nachechemea nikipanda ngazi," akasema Nuru, na kwa Nuru hiyo ni hotuba.

"Na picha yangu ukutani je?" akasema Bi Tunu. "Wajukuu zangu walikuja wakakuta sura ya Salimu!"

Kombo akajaribu kupatanisha. "Basi aitwe Riziki Nuru Tunu."

"Huyo mtoto au daftari la mahudhurio?" akauliza bibi yake mtoto.

"Basi huyu jina moja, na wale wawili tuwawekee watakaofuata."

Mwanahamisi akamgeukia. "Nani kakwambia nazaa timu?"

Wakamwangalia Mwalimu Mbaruku. Mwalimu akavaa miwani. "Kombo alisema 'aliyenifikishia'. Hakusema 'walionifikishia'. Ni mmoja."

"Mwalimu, nilikuwa na haraka!"

"Sarufi haina haraka. Na hukusema 'aliyeniletea', wala 'aliyenielekeza'. Ulisema aliyenifikishia. Aliyefanya vikafika. Sasa ni nani aliyefanya vikafika? Hapo hata mimi nimekwama."

Nikainua mkono nikasema, jamani, na aliyefunga boksi je? Wakacheka wote mpaka mtoto akaamka. Haya. Ndipo wakaniambia, wewe huna upande, kaulize watu, ulete jibu kabla mtoto hajanyolewa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mambo yamefika pabaya. Kwa sababu hana jina, na kwa sababu ya kisa chenyewe, nyumba nzima imeanza kumwita Kiatu. "Kiatu kalala?" "Kiatu kanyonya?" Leo asubuhi nimemsikia jirani naye, kutoka ng'ambo ya ukuta, "Hodi, nimekuja kumwona Kiatu." Na mnaijua Ngamiani. Mashine ilihama miaka kumi na moja iliyopita na jina bado lipo. Hili likimganda binti wa watu, ataolewa nalo, atazeeka nalo.

Mama yake analia. Mbuzi uani analia. Mkubwa na mdogo, kila mwenye mdomo hapa na aniambie: Riziki aliyeijua saa, Nuru aliyekimbia, au Bi Tunu aliyepajua mahali? Ni nani aliyemfikishia Kombo viatu, na wewe ungemwita nani mtoto huyu?