Saa Iliyopimwa kwa Mkono Mwingine

Saa ya bwana harusi haipimwi kwa mkono wa shemeji. Mmeisikia methali hiyo kwa mama yenu asubuhi, mkacheka, na sasa wewe Mwanate unataka kujua imetoka wapi. Imetoka humu humu, katika nyumba hii, na bwana harusi mwenyewe ni huyo babu yenu anayesinzia barazani. Kaeni basi, niwaambie ilivyoanza.

Baba yangu, Mzee Shekue, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge. Maisha yake yote alijinunulia kitu kimoja tu cha fahari: saa ya dhahabu, hata mkanda wake dhahabu, pingili kwa pingili. Alipougua alimkabidhi mama, akasema, "Hii ni ya mume wa Zuhura." Akafariki kabla sijaposwa. Kwa hiyo saa ile ndiyo pekee ingemleta baba harusini kwangu, na niliitaka kuliko hata hina.

Kwetu zamani mchumba akishaposa hakanyagi ukweni mpaka siku ya ndoa, wala zawadi ya ukweni haimfikii masikioni kabla ya wakati wake. Basi nani atampima mkono? Mama alimwambia kaka yangu Jumbe aende kwa fundi saa, na kipimo akitafute kwa hila kwa ndugu wa mchumba. Jumbe alikuwa karani wa posta, mwembamba, na kwa maneno hakuna asichokiweza.

"Mama, mkono wa mwanamume ni mkono wa mwanamume," akajibu.

Akakaa uani na msumari na nyundo, akagonga pini, akatoa pingili nne, akaivaa yeye. Ikamkaa barabara. Akazunguka nayo mtaa mzima akiangalia saa, na hakuna aliyemwuliza saa ngapi.

Mchumba wangu, Rehani, alikuwa mwoka mikate. Alianza kukanda unga angali kijana mdogo, na mikono yake ilikuwa minene kama michi. Jumbe alikula mikate ile kila siku, asijiulize hata mara moja inakandwa kwa mikono ya namna gani.

Siku ya ndoa ikafika. Rehani alipokwisha kuozwa, akaingizwa ndani, wazee wakakaa mkekani, Jumbe akamshika mkono amvishe saa. Mimi nachungulia mlangoni. Mkanda ukafika nusu ya mkono, ukagoma. Jumbe akavuta. Rehani akakunja uso, lakini kwa adabu ya ukweni hakuuondoa mkono. Jumbe akavuta tena kwa nguvu. Pini ikakatika, saa ikaanguka sakafuni, na pingili moja ikaruka mpaka miguuni pa mama. Nililia pale pale, wanja wote ukashuka. Niliona kama baba ndiye aliyeangushwa.

"Jumbe," mama akasema taratibu, "uliipima kwa nani?"

"Kwangu, mama."

"Kwani wewe ndiye uliyeoa?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Rehani akainama, akaiokota saa, akaifuta kwa kanzu yake mpya, akaiweka sikioni.

"Inatembea, mama," akasema. "Mimi na shemeji tutaipeleka kwa fundi. Ila safari hii, mkono nitakwenda nao mwenyewe."

Hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Mama naye akacheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikajua nimepata mume.

Fungate ilipokwisha, wakaenda wote wawili. Fundi akarudisha pingili zote, akatia pini mpya. Mikwaruzo ya msumari haikutoka. Fundi alisema kuisugua kutakula dhahabu, na Rehani akasema iachwe ilivyo. Jumbe naye tangu siku ile hamnunulii mtu hata kofia bila kumwuliza kwanza mwenye kichwa.

Haya Mwanate, wewe uliyemvalisha kaka yako viatu vya mchumba wako jana dukani, umeelewa sasa mama yako alikusudia nini? Virudishe. Na kama unaona haya, mtume huyo huyo kaka yako akamwulize mchumba wako kipimo cha mguu wake. Lakini kwanza nenda barazani, mshike babu yako mkono polepole usimwamshe. Saa iko pale, inatembea, na mikwaruzo yake utaigusa kwa kidole.

Saa ya bwana harusi haipimwi kwa mkono wa shemeji.