Mji wa Kanga ya Mwanakombo

"Mji ukijaa, mgeni hulala wapi?" Ndivyo nilivyomwambia Hamadi alipokuwa akiongeza ua la tisa kwenye karatasi yake, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huu umetoka wapi. Vyema. Sogezeni rangi mbali na mkeka wangu, nami nitawaeleza ulivyoanza. Msemo huu una mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mtu wa mtaa wetu huu wa Mkwajuni. Ndiyo maana nikiusema huwa najidai, na wala sioni haya.

Zamani za bibi yangu, mwanamke wa hapa akitaka kanga nzuri alinunua kitambaa cheupe cha bafta akakipeleka kwa fundi, na fundi akakipiga chapa kwa mihuri ya mti. Fundi wetu alikuwa Bi Khole. Alikuwa akimfunza kazi binti wa kaka yake, jina lake Mwanakombo, msichana mwenye vidole vyepesi, na haraka yake ilivizidi hata vidole.

Mwanakombo alitaka kushika mihuri siku ya kwanza tu. Bi Khole akampa kiazi kitamu na kisu. "Kata nukta moja, uipige kwenye kitambaa hiki. Moja tu, na kitambaa kisiinamie upande." Mwanakombo aliona anafanyiwa mzaha. Akaipiga nukta pembeni, na kweli kitambaa kikaonekana kama kinaanguka. Akarudia, akarudia tena. Siku nyingine akapewa nukta kubwa na ndogo, azipange mpaka zilingane uzito, kama mtoto mnene na mwembamba waliokalia ubao mmoja. Kisha nukta nyingi kwa mstari. "Zitembee," shangazi yake alisema, "zisisimame kama watu waliopotea njia." Kisha akaambiwa aipige nyekundu karibu na nyeusi, halafu aipige nyekundu ile ile ikae peke yake kwenye nyeupe, atazame. Mwanakombo akashangaa, maana ya pili ilikuwa kama inawaka. "Nyekundu ni moja," alisema Bi Khole. "Jirani ndiye aliyebadilika." Viazi vilivyobaki vilichemshwa, na nyumba nzima ilivila mpaka ikavichoka.

Sasa, Mkwajuni tulikuwa na chama chetu cha lelemama, ngoma ya wanawake, na mtaa wa pili walikuwa na chao, wakikiita Bomba. Kila Idi vyama viwili hivyo vilikutana uwanjani kucheza, kila kimoja na sare yake. Kiongozi wa Bomba aliitwa Bi Mgeni, mwanamke mwenye sauti kubwa na ulimi mkali zaidi ya sauti. Idi iliyopita alikuwa ametutungia wimbo, kwamba Mkwajuni wamekuja wamevaa mapazia. Uwanja mzima uliuimba. Bibi zetu walirudi nyumbani wakilia, na wengine wakaapa hawachezi tena. Bi Mwanaate, kiongozi wetu, akaenda kwa Bi Khole kutaka sare mpya. Bi Khole macho yalikuwa yameanza kumpotea, akasema kazi hiyo ataifanya Mwanakombo.

"Haya mwanangu," alisema Bi Mwanaate. "Ukituaibisha safari hii, chama kimekufa."

Mwanakombo alianza na kanga moja ya mfano. Mnajua kanga ina pindo lake kuzunguka, ina mji wake katikati, na chini ya mji ndipo jina linapoandikwa. Katikati ya mji akapiga waridi moja jekundu. Lakini wanawake walikuwa wakipita kutazama. Mmoja akasema niwekee korosho, mwingine akataka tausi. Bi Mwanaate akataka dele, birika la kahawa, kwa kuwa mumewe alikuwa muuza kahawa. Mwanakombo alimkubalia kila mtu, akaongeza na nyota zake mwenyewe, mpaka mji ukawa hauna hata pa kuchoma sindano. Kila mwanamke alitafuta kitu chake, akakiona, akasifu.

Bi Khole aliichukua kanga, akaenda kuitundika ukutani ng'ambo ya njia. Akapita muuza mkaa, Bi Khole akamwita.

"Baba, hebu nitazamie, nguo ile ina nini?"

"Naona imemwagikiwa na mchuzi," alijibu yule bwana, na kwenda zake.

Mwanakombo aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Shangazi, mji umejaa vitu vizuri vitupu! Kosa langu ni nini?"

"Umejaa, kweli. Mji ukijaa, mgeni hulala wapi?"

"Mgeni gani?"

"Jicho, mwanangu. Jicho ni mgeni. Limetoka mbali, limepiga hodi pindoni, limeingia mjini, halikupata hata pa kutua mzigo. Limeondoka."

Mwanakombo alikaa akiitazama ile kanga mpaka alasiri. Kisha akachukua bafta mpya. Dele, korosho, tausi na nyota akazichonga upya, ndogo ndogo, akazipanga pindoni zikifuatana. Mji akauacha mweupe, na katikati waridi lile moja. Jina akaandika swali la shangazi yake, maana ndilo lililomfungua macho.

"Dele langu umelifukuza mjini?" aliuliza Bi Mwanaate.

"Sikulifukuza, mama. Limesimama mlangoni, linapokea wageni."

Bi Mwanaate akacheka, na wengine wakaridhika.

Siku ya Idi, Bomba waliingia kwanza. Kanga zao zilikuwa na saa, ndege, maua na miavuli, na kwa mbali zilionekana weusi mtupu. Kisha wakaingia wetu, bega kwa bega, pindo likashikana na pindo, likawa pindo moja kutoka mwanamke wa kwanza hadi wa mwisho. Weupe ulijaa uwanja, na juu yake mawaridi yakiwaka. Mpiga ngoma alisahau kupiga. Ningekuwapo, ningelia kwa furaha.

Bi Mgeni alisogea karibu, akasoma jina la kanga. Uso ukamkunjika.

"Mumenitia kwenye nguo? Mimi, Mgeni, mwaniuliza nitalala wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata Mwanakombo mwenyewe. Akajitokeza mbele.

"La, mama. Mgeni ni jicho. Lakini na wewe ukitaka, tazama mji ulivyo wazi. Nafasi yako ipo."

Bi Mgeni aliutazama ule weupe. Akajitazama alivyovaa, na saa zake na miavuli yake. Akaitazama tena ile kanga.

"Basi nipatie doti moja," alisema. "Nitalala hapo."

Vigelegele vilivyopigwa Mkwajuni siku ile, nasikia viliamsha hata watoto wa mtaa wa pili. Na ndiyo maana hadi leo mtu akizidisha mapambo nyumbani, au akizidisha maneno barazani, huulizwa swali lile la Bi Khole.

Haya Hamadi, chukua karatasi nyingine na ua lako moja. Mji ukijaa, mgeni hulala wapi?