Kifua cha Kipimo

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini bali zamani ya juzi tu, ambayo waliokuwapo bado hawajaota mvi, kulikuwa na chuo cha udaktari kilichojengwa mlimani. Mabweni yalikuwa chini, wodi zilikuwa juu, na katikati yake kulikuwa na ngazi.

Katika chuo hicho, mwanafunzi akifika mwaka wa tatu alitolewa darasani akapelekwa kwa wagonjwa. Mwalimu wa moyo alikuwa Dakta Masalu, mtu mrefu, mkavu, asiyerudia swali. Naye alikuwa na desturi yake. Hakutaka mwanafunzi aanze kutafuta ugonjwa kabla hajaujua uzima. Kwa hiyo kila kikundi cha watatu kilichagua mmoja wao, na kifua chake kikaitwa kifua cha kipimo. Kila asubuhi kabla ya raundi ya kupitia wagonjwa wodini, wenzake walikisikiliza kifua hicho, na mwenyewe pia alijisikiliza, mpaka mlio wake uwakae masikioni. Wakifika kwa mgonjwa walijiuliza swali moja: huyu anafanana na kipimo chetu, au hafanani?

Kikundi tunachokisema kilikuwa cha wasichana. Wa kwanza ni Kokugonza, wenzake wakimwita Koku, mwoga wa makosa, mtu wa kuhakikisha jambo na kulihakikisha tena. Wa pili ni Mwanaheri, mwepesi wa kuelewa na mwepesi wa kusema. Wa tatu ni Bupe, mwembamba, mcheshi, ambaye alikuwa amekwisha kurudia mwaka mmoja wa darasani. Na sheria ya chuo ilikuwa hivi: kurudia ni mara moja. Ukikwama mara ya pili, unafungasha.

Siku ya kuchagua, Bupe alijitolea mwenyewe.

"Nichukueni mimi," alisema. "Sina nyama. Mtasikia mpaka nilichokula jana."

Wakacheka, wakamchukua. Dakta Masalu alipita akitazama vifua vya kipimo vya vikundi vyote, na nasema akitazama kwa sababu hakusikiliza hata kimoja. Aliona vijana wenye nguvu zao, akaridhika, akaenda.

Basi kila asubuhi Bupe alilala kwa ubavu wa kushoto, akatoa pumzi, akaibana. Koku aliweka stetoskopu chini ya titi, pale ncha ya moyo inapogonga, akasikiliza. Mwanaheri akaweka, akasikiliza. Bupe akageuza kile chombo, akajisikiliza. Na walichosikia kilikuwa hiki: tu-tap, kisha mngurumo mdogo wa chini, kama lori linalopita barabara ya mbali, kisha tu-tap tena. Wakajifunza kwamba huo ndio uzima. Tu-tap, na lori. Tu-tap, na lori.

Katikati ya mwaka, wodi ya wanawake ikampokea mgonjwa ambaye vali ya moyo wake, kile kilango kinachopitisha damu, ilikuwa imebana. Ni ugonjwa unaoanza na koo kuuma utotoni, koo likapona, na moyo ukabaki na kovu. Dakta Masalu aliwaita wanafunzi wote waje wausikie mlio wake. Bupe hakufika. Alikuwa amebaki kwenye kibaraza cha juu ya ngazi, akisema anakuja, apate pumzi kidogo tu.

Koku alisikiliza. Tu-tap, na lori. Mwalimu anasema huu ni ugonjwa, na sikio lake linasema huu ni mlio wa kila asubuhi. Koku aliamua kwamba sikio ndilo bovu. Alikuwa na sababu: mwanzoni mwa mwaka aliwahi kutangaza mbele ya wodi nzima kwamba pafu la mgonjwa linakwaruza, kumbe ni mpira wa stetoskopu yake uliokuwa ukisugua shuka, na tangu siku ile walimwita Mama Shuka. Akanyamaza. Akaazima vitabu, akasoma, akarudi kusikiliza, akanyamaza tena.

Mwanaheri naye alisikiliza. Yeye hakulishuku sikio lake. Alitoka wodini moja kwa moja, akamkuta Bupe kibarazani ameegemea ukuta, akamweleza bila kuzunguka kwamba moyo wake una mlio ule ule.

Bupe alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu, Mwanaheri. Wakijua watanilaza. Nikilazwa mtihani unanipita, na mtihani ukinipita mimi nimekwisha hapa. Ngoja nifanye kwanza. Tukitoka tu kwenye mtihani, nakwenda mwenyewe kwa Dakta Masalu."

"Na ukianguka kabla?"

"Nikianguka, sema. Nisipoanguka, nyamaza. Niapie."

Mwanaheri akaapa. Na tangu siku hiyo alimbebea Bupe vitabu kwenye ngazi, akamsimamisha kila penye kivuli kwa kusingizia kufunga kamba za viatu, akawa anamtazama midomo kama inageuka rangi. Koku aliona viatu vinafungwa na kufungwa, asiulize.

Siku ya mtihani ikafika.

Mtihani wa Dakta Masalu ulifanywa penye vitanda viwili. Cha kwanza kililaliwa na mgonjwa. Cha pili kililaliwa na kifua cha kipimo cha kikundi. Mwanafunzi aliingia peke yake, akasikiliza vyote viwili, akaeleza tofauti. Mwenye kifua alifanya mtihani akiwa wa mwisho, na kwa zamu yake alilala mwenzake. Dakta Masalu alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu ameikunja, hainuki.

Mgonjwa alikuwa Mama Nyamizi, mjamzito, mkulima, ambaye wanafunzi walikuwa wamemsikiliza tangu asubuhi mpaka kifua chake amekibandika jina la bomba la mtaa, kwamba kila apitaye na ndoo yake. Na ugonjwa aliokuwa nao ulikuwa upi? Vali iliyobana. Tu-tap, na lori.

Akaingia Koku. Akamsikiliza Mama Nyamizi. Akamwomba ageukie kushoto, atoe pumzi, aibane. Akahamia kwa Bupe, akamwomba hivyo hivyo. Bupe alikuwa amefumba macho. Koku akarudi kwa Mama Nyamizi. Akarudi kwa Bupe.

"Tofauti," alisema Dakta Masalu.

"Zinafanana, Daktari."

"Nini kinafanana?"

"Mlio wa huyu na wa huyu. Ni mmoja."

"Kwa hiyo mama huyu ni mzima."

Mlango wa kusema kwamba huenda wote wawili ni wagonjwa ulikuwa wazi hapo, na Koku aliuona. Lakini hakuujua upande wake wa pili. Mwaka mzima aliambiwa kifua kile ni kizima, na tangu katikati ya mwaka sikio lake limekataa.

"Sijui kama ni mzima, Daktari. Ninachojua ni kwamba ni mlio mmoja."

Dakta Masalu aliandika sifuri. Alimuuliza amejifunza nini mwaka mzima kama mgonjwa na mzima kwake ni sawa, na hakungoja jibu. Mama Nyamizi akamwombea, akisema mtoto wa watu amesikiliza kwa bidii, mara mbili mbili, asamehewe. Hakusamehewa.

Akaingia Mwanaheri. Alisikiliza mara moja, akautaja ugonjwa wa Mama Nyamizi kwa jina, akaitaja vali, akaeleza kwa nini mlio ule unasikika mgonjwa akilala kwa ubavu wa kushoto na si akilala chali, na kwa nini ujauzito unauzidishia moyo kazi. Hakukosa neno. Kisha akahamia kwa Bupe, akaweka stetoskopu pale pale pa kila asubuhi, akasikiliza kitambo.

"Na huyo?" aliuliza Dakta Masalu.

"Huyu ni mzima, Daktari."

Sauti yake haikutikisika. Dakta Masalu akaandika alama zote, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akatikisa kichwa kukubali.

Ikawa zamu ya Bupe. Mwanaheri akalala pale alipotoka Bupe. Bupe akaanza na Mwanaheri. Akaweka stetoskopu, akasikia: tu-tap. Kimya. Tu-tap. Kimya. Kimya kitupu, hakuna lori, hakuna barabara. Mwaka mzima wa masomo ya moyo, na hajawahi kukisikia kimya kile. Alikaa pale mpaka Dakta Masalu akamuuliza kama amelala.

Akahamia kwa Mama Nyamizi. Hapo alikisikia kifua chake mwenyewe.

Sasa, angeweza kusema yale yale aliyosema Mwanaheri: huyu mgonjwa, yule mzima. Ingekuwa kweli tupu. Angepata alama zake, angevuka mwaka, na hakuna ambaye angejua. Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini Mama Nyamizi alimshika mkono, akamvuta karibu.

"Mwanangu, yule mwenzako wa kwanza amesema mimi na wewe tuna mlio mmoja. Kweli?"

Bupe alishusha stetoskopu shingoni.

"Nauliza kwa sababu nakuona unapanda hizi ngazi, unasoma, uko salama. Kama tunafanana, mimi kesho naomba ruhusa nirudi kwangu. Mpunga umeiva na ndege hawanisubiri."

Bupe alimtazama Mwanaheri. Mwanaheri alitikisa kichwa, kidogo, kwamba usiseme.

"Usirudi, Mama," alisema Bupe. "Tunafanana. Lakini na mimi ni mgonjwa."

Dakta Masalu aliinuka kwenye kiti. Akavuka chumba, akaweka stetoskopu yake kwenye kifua cha Bupe, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango aliosahau kuufunga.

Siku hiyo hiyo Bupe alilazwa, kitanda jirani na Mama Nyamizi. Walioichunguza vali walisema wangechelewa miezi michache tu, ngazi zile zingemaliza kazi. Ilipanuliwa, na Bupe akapata nafuu. Mama Nyamizi alijifungua salama huko huko wodini, mpunga akaupoteza kwa ndege.

Ikabaki habari ya mwaka wa masomo.

Baraza la walimu lilikaa. Likaona kwamba kikundi kile kilijifunza uzima kwenye kifua kibovu, kwa hiyo mtihani wake umeharibika wote, alama zote na sifuri zote zimefutwa, na watatu hao warudie mwaka. Isipokuwa sheria ilimpa mwalimu ruhusa moja: mtihani ukiharibika bila wanafunzi kuuharibu kwa makusudi, aweza kumvusha mmoja kwa dhamana ya jina lake. Mmoja, si zaidi. Mjumbe mmoja alisema kwamba kama kuna mtu wa kurudia mwaka, aanze mwalimu, ambaye angesikiliza kifua mara moja tu siku ya kwanza na haya yote yasingekuwapo. Dakta Masalu hakubisha. Akawaita wasichana, akawaambia kila mmoja aseme.

Koku akasema: "Mimi peke yangu ndiye niliyekwambia ukweli wa vifua vyote viwili, na mimi peke yangu ndiye uliyempa sifuri. Nilisema ni mlio mmoja. Ulikuwa mlio mmoja. Hata Bupe amesema kwa sababu Mama Nyamizi alinisikia mimi."

Mwanaheri akamgeukia. "Ulisikia katikati ya mwaka, Koku, ukaenda kusoma vitabu. Mwenzio anaishiwa pumzi kwenye ngazi, wewe unasoma. Ulisema mlio ni mmoja, hukusema maana yake nini. Ungeachiwa wewe, wote wawili wangekufa wakifanana."

Kisha akamwambia mwalimu: "Mimi niliujua ugonjwa siku ile ile, nikamwambia mwenyewe usoni. Nilinyamaza kwa sababu aliniomba, na mwili ni wake. Nilimpandisha ngazi zile nusu mwaka mzima. Ndiyo, nilisema ni mzima. Ningesema vingine ningekuwa nimemfukuza chuo kwa mdomo wangu."

Koku akasema polepole kwamba daktari akisema mgonjwa ni mzima, kwa huruma au kwa kiapo, yule mgonjwa akienda nyumbani anakufa vile vile.

Bupe alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado anaongea kwa pumzi fupi.

"Mimi niliwapa kifua. Nilikuwa nimekwisha kuvuka, Daktari, ilibaki nitaje jina la ugonjwa tu, na nikajitaja mwenyewe ili mama wa watu asirudi kufia shambani. Hawa wakirudia mwaka, watakuwa wamerudia mwaka. Mimi nikirudia, nafungasha."

"Na kiapo changu?" aliuliza Mwanaheri. "Ulinifunga mdomo, nikadanganya kwa ajili yako mbele ya mwalimu, halafu ukafumbua wako ukaniacha pale kitandani nikionekana mwongo. Kama ukweli ulikuwa unakuja, si ungeniambia?"

Bupe akasema hakujua kama unakuja. Ulikuja aliposhikwa mkono.

Dakta Masalu alikaa na kalamu. Akimwacha Bupe, anamfukuza mtu ambaye moyo wake ndio uliomfundisha kusikiliza upya. Akimwacha Koku, anamwadhibu mara ya pili kwa kusema alichosikia. Akimwacha Mwanaheri, anamrudisha nyuma yule aliyeujua ugonjwa kuliko wote, na aliyemlinda mwenzake wakati mwalimu hakuinuka kitini. Na yeyote atakayemvusha, jina lililo chini ya dhamana ni lake yeye, ambaye naye hana pa kujificha.

Nafasi ni moja, na kalamu iko juu ya karatasi. Nyinyi mliosikia vifua vyote na vinywa vyote, ingekuwa nyinyi, mngeandika jina la nani?