Pigo la Kwanza la Rindima

Sogeeni karibu, asije mtu akasema hakusikia. Hadithi yangu ya leo haitaki makofi, inataka hukumu. Mwenye jibu na alifungie mdomoni mpaka nimalize, maana nawajua: wengine wenu huamua kesi kabla mshtakiwa hajafika.

Palikuwa na mafundi watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kazi yao ilikuwa kuhifadhi vitu vya kale: vinyago, ngoma, vitambaa, milango. Watu wa kazi hiyo ni wachache, wanajuana kama watoto wa nyumba moja, na wana ada yao. Makumbusho ya mwenzao yakipatwa na moto au maji, hawangoji kuitwa. Mtu huchukua sanduku lake la zana akapanda basi.

Wa kwanza, Nuhu, alijua kuokoa. Alizunguka mji hadi mji akiwafundisha wenzake nini kitolewe kwanza nyumba ikiingia maji. Wa pili, Semeni, alijua kusubiri. Alitunza makumbusho madogo ya Ngarambo, mji ulio kando ya mto, na angeweza kuweka kiganja juu ya mti mkavu akakwambia kama utapasuka mwaka huu au mwaka ujao. Wa tatu, Gwamaka wa nyanda za juu, alijua ngozi. Ngozi iliyochanika ikifika mikononi mwake ilirudi kuwa nzima, na bado ungeona alipoishona, kwa sababu mhifadhi wa kweli hadanganyi: anapotengeneza huacha alama.

Sasa sikilizeni habari ya Rindima, maana ndiyo mzizi wa fitina.

Rindima ni ngoma kubwa ya Ngarambo. Mto wa pale una tabia ya kuchukua watu bila kuwarudisha, na aliyezama asionekane hana kaburi la kusomewa dua. Kaburi lake ni Rindima. Kila mwaka baada ya mavuno ngoma hutolewa nje na majina hutajwa, kila jina na pigo lake, na watu hulia kama msiba ni wa jana. Lakini majina hayo hayaongezwi ovyo. Waliozama wengi hupewa pigo moja la pamoja, la "wote wa mto." Jina jipya huingia siku ile tu ngoma inaporudi uwanjani baada ya kunyamaza kwa matengenezo. Aliyeirudishia sauti hupiga pigo la kwanza na kumtaja mtu wake mmoja. Wawili haiwezekani. Watu wa Ngarambo husema ngoma haina midomo miwili.

Mwaka huo Nuhu alifika Ngarambo kufundisha. Alimpa Semeni utepe mwekundu, akamwambia aufunge kwenye vitu vya kutolewa kwanza siku ya hatari.

"Usifunge vingi," alisema. "Ukifunga vyote, hujafunga kitu."

Semeni akazunguka chumba kizima, kisha akafunga kimoja tu. Alifunga Rindima.

Nuhu akakuna kichwa. "Dada, utepe hufungwa kwenye kitu kinachobebeka. Hii inataka wanaume wanne walioshiba."

"Kaka, hii ndiyo Ngarambo yenyewe. Ikienda hii, hivi vingine niviokoe vya nini?"

Kanuni ilikuwa upande wa Nuhu, naye aliijua. Lakini alimwangalia Semeni usoni, akauacha utepe palepale.

Mvua ilinyesha milimani, na Ngarambo ikaamka asubuhi maji yakiwa milangoni. Semeni alikuwa nyumbani na mama yake, Bi Mwanahawa, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka. Alitaka kumbeba mgongoni. Mama akamsukuma.

"Nenda ukaitoe Rindima. Babu yako yumo mle. Mimi majirani watanipandisha kilimani."

"Mama, nakupeleka kwanza."

"Semeni, mimi nimekuzaa au wewe ndiye umenizaa? Nenda!"

Akaenda. Njia nzima alisikia sauti ya mama yake ikimwita jirani, na jirani akiitika. Hilo ndilo lililompa moyo wa kutogeuka.

Alipofika, Nuhu alikuwa ndani tayari, maji kifuani, pamoja na Mfaume, mlinzi wa makumbusho. Nuhu huyo, pamoja na jina lake, hakujua kuogelea, na watu wa Ngarambo walikuwa wamemtania wiki nzima. Siku ile hakuna aliyecheka. Waliona utepe mwekundu ukielea kwenye maji ya matope, wakaufuata mpaka wakaikuta Rindima imebana kwenye kona. Nuhu akaifunga kamba, akatangulia kuvuta kutoka mlangoni. Mfaume akabaki nyuma akisukuma. "Vuta, bwana, inakuja!" aliita. Ngoma ikatoka ikielea, na ukuta ukaporomoka nyuma ya mgongo wa Nuhu. Mfaume hakutoka, wala mwili wake haukupatikana. Kamba ilimvunja Nuhu vidole viwili, lakini hakuiachia mpaka Semeni na vijana waliokimbilia pale walipoipokea. Bila Nuhu, Rindima ingekuwa tope chini ya tope.

Jioni ile Semeni aliambiwa kwamba majirani walimfikisha mama yake nusu ya njia. Maji yaliwakuta hapo.

Kesho yake jua likatoka, kali na lisilo na haya. Ngoma ilikuwa barazani kwa shule ya kilimani, imejaa maji hadi kwenye kiini. Vijana wa mji wakaja kuibeba waianike. Walikuwa na nia njema, msiwalaumu.

"Dada Semeni, itaoza!"

"Ikikaushwa upesi itapasuka. Nje itajikunja na ndani bado imevimba. Iacheni kivulini."

"Na kama unakosea?"

"Nikikosea mtanizika nayo."

Akaifunika kwa kanga zilizoloweshwa, kanga juu ya kanga, ili unyevu utoke kidogo kidogo kama mgonjwa anavyonyweshwa uji. Kanga hazikutakiwa kukauka hata mara moja. Mjomba wake akaja kumwita: mtumbwi unashuka mto kutafuta miili, twende tukamtafute mama yako. Semeni alitazama kanga, akatazama mto. Hakukuwa na mwingine pale aliyejua kuisoma ile kazi kwa kiganja.

"Tangulieni, mjomba. Nitawafuata."

Hakuwafuata. Walikwenda na kurudi, wakaenda tena, wakarudi mikono mitupu. Yeye alimwaga maji juu ya kanga huku machozi yakimtoka, na uchungu wake haukuwa na mahali pa kukaa. Miezi ilipita kabla hajaondoa kanga ya mwisho. Mti ulikuwa mzima, hauna ufa. Bila Semeni, Rindima ingekuwa kuni.

Lakini gogo halisemi. Ngozi ya ngoma ilikuwa imeoza yote ila ukingo wake mpana. Gwamaka alikuwa amekwisha kufika na sanduku lake, bila kuitwa. Alijaribu ngozi mpya, mti ukazikataa: nyingine nene, sauti ikafa, nyingine laini, ikalia kama debe. Akafunga safari ya kwao, akarudi na ngoma ndogo ya zamani chini ya kwapa.

"Ya baba yangu, Ambakisye," alimwambia Semeni. "Alikuwa mvushaji kule juu, kwenye mto huuhuu. Siku moja kivuko kilirudi bila yeye. Hii ndiyo pekee tuliyobaki nayo."

"Kaka Gwamaka, usiifumue. Tutatafuta nyingine."

"Tumetafuta. Ngozi iliyozeeka kwa kupigwa ndiyo inayojua kusema."

Akaifumua mwenyewe, taratibu. Akaiunga kwenye ukingo wa ile ya zamani kwa uzi mweupe, ili wajukuu wa wajukuu wajue wapi Rindima inaishia na wapi Ambakisye anaanza. Bila Gwamaka, Rindima ingebaki bubu.

Siku ya kuirudisha ngoma ikafika, na Ngarambo yote ikajaa uwanjani. Bi Riziki, mkuu wa wazee wa ngoma, mwanamke asiyependa maneno mengi, akausimamisha mkwiro mbele yake, ile fimbo ya kupigia.

"Nani aliyeirudishia sauti?"

Wote watatu wakasogea mbele. Kisha Nuhu akasema, "Bibi, mimi sina mtu wangu mtoni. Lakini Mfaume alisukuma mpaka mwisho. Nataka nimtaje Mfaume. Mkewe yule pale."

Gwamaka akasema, "Mimi ni mgeni hapa, na baba yangu hakuwa wa Ngarambo. Ila mto ni huohuo, na ngozi mtakayoipiga ni yake. Ikipigwa kwa jina la mwingine, mimi nitasikia nini?"

Mwishoni Semeni akasema, "Mama alinituma."

Bi Riziki akawaangalia mmoja mmoja. "Nikimpa mmoja nawadhulumu wawili, na mimi mzee, sitaki kwenda na deni hilo." Akamgeukia Semeni, akamwekea mkwiro mkononi. "Wewe ndiye uliyefunga utepe. Wewe amua nani apige."

Utepe ulikuwa bado kwenye ngoma, umefifia kwa matope. Semeni akaufungua, ukamwachia wekundu kidogo vidoleni. Utepe ule ndio uliompeleka Mfaume kwenye maji. Utepe ule ndio uliomzuia yeye kumbeba mama yake mgongoni. Kama angeufunga kwenye kitu kinachobebeka, kama kanuni ilivyotaka, huenda Mfaume angekuwa hai, na Gwamaka angekuwa bado na ngoma ya baba yake. Na Ngarambo isingekuwa na kaburi la mtu yeyote.

Akamtazama mke wa Mfaume, ambaye hakuomba kitu. Akatazama mishono myeupe ya Gwamaka. Akautazama mto, uliokuwa umetulia kabisa, kana kwamba haujawahi kumdhuru mtu. Alimkumbuka mama akimsukuma: nenda.

Kama ni kwa haki yake, akae nao mkwiro. Kama ni kwa deni lake, ampe Nuhu. Kama ni kwa sauti ya ngoma, ampe Gwamaka. Majina mawili yatakayoachwa yataingia katika lile pigo la wote wa mto, na wenyewe watayasikiliza hivyo kila mavuno mpaka wafe.

Semeni amesimama mbele ya Rindima, mkwiro mkononi, na Ngarambo yote imebana pumzi. Mimi namwacha hapo, kwa sababu nimeisimulia hadithi hii mara nyingi na kila mara mimi hukwama mahali hapahapa.

Sasa fungueni midomo. Wewe uliyekuwa na jibu tangu mwanzo, bado unalo? Mkwiro umo mkononi mwako, na mke wa Mfaume anakutazama. Utampa nani, na nani utamwambia mtu wake hatatajwa?