Kisu Kilicholala Majivuni

"Chuma kikikataa keekee, kilaze majivuni." Mmeisikia leo karakanani mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, methali hii ilianza hivi, na mpumbavu wake ni mimi.

Enzi hizo nilikuwa fundi kijana kwa Bi. Semeni, mjane aliyerithi karakana ya mumewe ya uhunzi. Shemeji zake walitaka kuifunga. Eti mwanamke na nyundo wapi na wapi! Ikaja kazi ya wafugaji: kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. "Kesho adhuhuri kisipokuwa tayari," shemeji mkubwa, Mzee Kihiyo, akasema, "funguo unanipa."

Kisu tulikifua kutoka tupa kuukuu ya kunolea, chuma kigumu kwelikweli. Yakabaki matundu mawili ya bolti ya kutoboa. Nikaiegemea keekee kwa nguvu zangu zote. Paa! Ncha ikavunjika. Nikakipasha kisu moto kilainike, na kwa haraka zangu nikakitumbukiza majini kipoe. Kumbe ndipo nimekizidishia ugumu! Ncha ya pili ikaenda. Ikabaki moja tu.

"Mama, safari hii nitakaza zaidi," nikasema.

"Weka chini hiyo keekee, Mlingwa! Unashindana na chuma, na chuma hakichoki."

Akakipasha kikawa chekundu, akakifukia kwenye lundo la majivu makavu, kisha akaketi kumenya viazi. Mzee Kihiyo akapita. "Shemeji, unachoma mihogo?"

"Ndiyo, na kesho utaila."

Bi. Semeni alinikataza hata kuyagusa yale majivu. Kisu kikapoa chenyewe, polepole, hadi asubuhi. Nikaweka ncha ya mwisho, nikakandamiza kidogo. Wallahi, chuma kilitoka kimejikunja kama maganda ya viazi vyake! Matundu yote mawili. Ndipo akakipasha tena, sasa akakizima majini kirudishe ugumu, halafu akakirudisha motoni kidogo tu kisije kikavunjika.

Adhuhuri mashine ilikata majani mbele ya watu wote. Mzee Kihiyo akanyoosha mkono. Nikajua anadai funguo. Kumbe ameshika panga lililochomoka mpini.

"Shemeji," akasema chinichini, "na hili nalo nitobolee."

Bi. Semeni akalipokea, akanigeukia. "Mlingwa, chuma kikikataa keekee?"

"Kilaze majivuni, mama."