Mhanga Arudishiwa Shimo Bila Mdomo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama mmelishwa mchanga? Tena! "Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Haya, sasa mko nami.

Hapo kale, kabla babu za babu zenu hawajaota meno, alikuwako Mhanga, mla mchwa, masikio ya punda, pua ya nguruwe. Alichimba shimo kwa kucha zake mwenyewe. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Likawa refu, likawa la baridi, likawa nyumba.

Akaja Simba, mfalme. Akanguruma, "Mashimo yote sasa ni ya serikali!"

Mhanga akafukuzwa. Shimo likawa ghala la mifupa, Fisi akawa mlinzi. Mhanga akalala vichakani. Mvua yake, jua lake.

Simba akafa. Akatawala binti yake. Akatangaza, "Baba alikosea. Kila shimo lirudi kwa mwenyewe."

Mhanga alikuwa na mimba pevu, na mawingu yametanda. Akaenda mbio.

"Hodi, Bwana Fisi. Nimefuata nyumba yangu."

"Karibu, mama! Shimo lako hilo, chukua."

"Basi nipishe."

"Nikupishe wapi? Shimo ni lako. Mdomo wa shimo ni wa serikali. Ulikuwa mwembamba, tukaupanua sisi."

"Sasa nitaingiaje?"

"Hilo sikuagizwa. Hee-hee-hee! Labda kila ukipita uniletee nyama."

"Mimi nakula mchwa, we Fisi!"

"Basi kaa nje na mchwa wako."

Ngurrr! Radi ikalia. Mtoto akapiga teke tumboni. Mhanga alitamani kumrarua Fisi. Akajizuia.

"Serikali inadai mdomo huu tu?"

"Huu huu tu. Haki ya mfupa!"

Mhanga akazunguka nyuma. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo ukaruka, kucha zikavuja damu, akachimba njia ya kumtosha yeye tu. Pu! Akatokea ndani, nyumbani kwake.

Mifupa akaitupa nje kupitia mdomo aliolinda Fisi. Paa! Paa! "Mali yenu hiyo, sitaki hata mmoja!" Kisha akaushindilia mdomo ule udongo, ndi!

Mvua ikashuka, chwaaa!

"Mama Mhanga, nihifadhi kidogo!"

"Nikuhifadhi wapi, baba? Mdomo wa serikali uko huko nje. Ulinde."

Ndani, pakavu, mtoto akazaliwa.

Wakubwa kwa wadogo, sikieni. Ukirudisha mali ya mtu, irudishe yote, na njia ya kuiingilia. Ukibakiza kipande, umemnyang'anya mara ya pili.

Ngano yangu naifukia papa hapa. Anayeitaka, achimbe.